VITABU VIWILI VYA GOGO MOJA: Klipu ya mkurungu tuijibu kwa hesabu

*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
_Isambazwe kwenye magrupu yote ya kata_



Tangu wiki iliyopita kuna klipu inazunguka kwenye magrupu yetu. Inaonyesha lori limepakia magogo usiku, na sauti inasema Wachina wanamaliza mkurungu wa Tabora na wakubwa wanakula nao. Wanachama wengi wamenipigia kuuliza tawi linasema nini. Wapo wanaotaka tamko la kulaani, wapo wanaotaka tukanushe haraka kabla jambo halijaharibu hali ya hewa. Kamati ya tawi imeniagiza niandike. Nimeandika kwa kirefu, kwa hiyo aliye juu ya bodaboda ahifadhi, asome akifika.

Tamko la kulaani sitoi. La kukanusha pia sitoi. Klipu haina tarehe, namba ya gari haisomeki, na magogo yale yanaweza kuwa ya mkoa wowote wa nchi hii, au ya Kongo yakiwa njiani kwenda bandarini. Lakini swali lililo nyuma ya klipu ni la haki: mti ukitoka kwenye msitu wetu, unaandikwa wapi, na nani, na kiasi gani? Hilo lina jibu, na jibu lake halipatikani kwa kelele.

Wengi mnajua fani yangu ni uhasibu, ngazi ya stashahada. Kazi moja anayofundishwa mhasibu mapema kabisa ni kukutanisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Wewe umeandika umepeleka laki tano. Benki imeandika imepokea laki nne na nusu. Hapo hujamwita mtu mwizi bado. Unakaa chini, unatafuta elfu hamsini iko wapi: pengine ni makato, pengine hundi haijaiva, pengine aliyetumwa benki alipitia mahali. Ila huwezi kufunga hesabu ya mwezi mpaka hiyo elfu hamsini ipatikane au mtu aseme imepotelea mkononi mwake.

Biashara kati ya nchi na nchi ni hivyo hivyo. Mzigo mmoja huandikwa mara mbili. Nchi inayouza inaandika umetoka, nchi inayonunua inaandika umeingia. Ukiviweka vitabu viwili pamoja, mwaka baada ya mwaka, vinapaswa kukaribiana. Nasema kukaribiana kwa sababu havitalingana hata siku moja, na sababu zake nitazieleza. Lakini vikiachana sana, kuna mtu hakuandika.

*Kusini walishapita tunakopita sisi*

Agosti 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa pale Rufiji. Kabla ya hapo kusini kulikuwa mbali: kivuko, matope, mvua ikinyesha barabara imefungwa. Daraja lilipofunguka, kila kitu kikawa karibu na Dar es Salaam, na kitu cha kwanza kupita kwa wingi kilikuwa miti ya Rufiji, Kilwa na wilaya za jirani: mninga, mkongo, mpingo na mingineyo. Marufuku ya kusafirisha magogo ghafi nje ya nchi ilishatangazwa mwaka 2004. Malori yaliendelea kutembea.

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, lilitoa ripoti ndefu juu ya biashara hiyo ya kusini. Walichofanya ni kazi ya karani yeyote wa hesabu. Walichukua kitabu cha Tanzania na kitabu cha China, wakavilaza mezani. Kwa mwaka 2005, kiasi cha mbao na magogo ambacho China iliandika kuingiza kutoka Tanzania kilikuwa mara kumi ya kile ambacho Tanzania iliandika kuuza China.

Mara kumi, ndugu zangu. Tuifanyie hesabu ya kawaida. Tuseme sisi tuliandika 100. Mnunuzi kwa kawaida huandika bei pamoja na bima na nauli ya meli, na kwa muda mrefu wataalamu wa takwimu walikadiria nyongeza hiyo kuwa kama asilimia 10. Basi kitabu chake kingesoma 110. Meli iliyoondoka Desemba hufika mwaka mwingine, kwa hiyo ongeza au punguza kidogo. Sisi tunaweza kuandika "mbao" na wao wakaandika "magogo", mzigo ukahama mstari lakini haukutoka kwenye jumla. Chukua tofauti zote hizo, uwe mkarimu kabisa, ufike 150. Kitabu cha China kilisoma 1,000. Hiyo 850 haikutokana na nauli wala tarehe.

Ripoti hiyo ilikadiria kwamba nchi nzima ilikuwa inapoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa mrabaha wa misitu ya asili usiokusanywa, na kwamba ngazi ya wilaya kulikuwa na mahali ambapo hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili hayakuonekana. Ukinionyesha hesabu za duka ambalo asilimia 96 ya mauzo hayamo kitabuni, nitakuambia duka hilo halina mwenyewe.

Sasa nirudi kwa wenye klipu. Mnasema Wachina wanaiba. Angalieni tena: katika kisa hiki, kitabu kilichoandikwa ni cha nani, na kilichokosa kurasa ni cha nani? China ilikuwa na sababu zake za kuhitaji mbao za watu. Mwaka 1998 mafuriko makubwa ya mto Yangtze yaliwafanya wabane ukataji kwenye misitu yao ya asili, na kiwanda cha samani hakisubiri mti uote upya. Wakatafuta kwingine. Mzigo ulipofika bandarini kwao uliandikwa, kwa sababu forodha ya nchi yoyote hukagua kwa ukali zaidi kinachoingia kuliko kinachotoka. Kinachoingia ndicho kinachotozwa. Mnunuzi ana makosa yake, na nitayasema. Lakini aliyeacha kuandika 850 alikuwa anazungumza Kiswahili safi, ana mhuri, ana nyundo ya kugongea magogo.

*Desturi ya zamani ya njia hii*

Kwetu Tabora jambo hili lina umri mkubwa. Tulikuwa njiapanda ya misafara kabla haijawepo wilaya wala mkoa. Msafara ulitoka Bagamoyo, ukafika Kaze na Unyanyembe, hapo njia ikagawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Babu zetu Wanyamwezi ndio walikuwa mabega ya njia ile. Walibeba pembe za tembo, na walizijua kwa uzito kuliko mzungu yeyote aliyekuja kuziandika.

Lakini ziliandikwa wapi? Unguja. Pale forodhani ndipo mzigo kutoka bara ulipimwa kwa frasila na kutozwa ushuru wa Sultani, na forodha yenyewe kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kutch. Vitabu vingine viliandikwa huko mzigo ulikokwenda. Sandarusi ya Mrima, ambayo ni mazao ya misitu kamili, ilikuwa inapakiwa kwenda Salem, mji mdogo wa Marekani, kutengeneza vanishi. Mtu akitaka leo kujua bara lilitoa nini karne ya 19, huenda kusoma makaratasi ya Unguja, ya Salem, ya London na Hamburg. Tabora, mahali mzigo ulipolala, ulipopumzika, ulipobadilishwa wapagazi, haina kitabu.

Wajerumani walipokuja waliandika, kwa faida yao. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya 1998 inataja kwamba mwaka 1906 koloni hili liliuza nje tani 756 za nta ya nyuki. Hiyo ni nta ya nchi nzima, si ya Tabora peke yake. Lakini kumbukeni reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mwaka 1906 huku kwetu nta ilitoka kichwani mwa mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Kama tani zote 756 zingebebwa hivyo, ni mizigo zaidi ya 23,000. Nilipoifanya hesabu hii kwa mara ya kwanza niliirudia mara mbili kwenye kikokotoo cha simu. Nta huyeyushwa kutoka kwenye masega baada ya asali kukamuliwa, na kwa Mnyamwezi asali ilikuwa chakula na wanzuki, nta ilikuwa mabaki. Mabaki hayo yalijaza meli, na aliyeandika ni aliyenunua.

Miaka zaidi ya mia moja imepita. Tumepata uhuru, na mji huu una historia yake katika kuupata uhuru huo, sihitaji kuwakumbusha mkutano wa 1958. Lakini kwa habari ya mazao ya msituni, desturi ya kuandikiwa na mnunuzi hatujaiacha.

*Mkurungu*

Wakati ule wa 2005 macho yalikuwa kusini. Baadaye zamu ikaja huku magharibi. Mkurungu ni mti wetu wa miyombo, ndugu wa mninga, wenye kiini chekundu kama damu. Zamani mtu alichonga mchi, akatengeneza kitanda, hakuna aliyeukimbilia. Wazambia wanauita mukula. Soko la samani nyekundu la China, baada ya miti mingine ya jamii hiyo kuadimika kwingineko, likaugundua, na bei ikapanda. Zambia wakapiga marufuku, wakafungua, wakapiga tena. Mwaka 2017 Zambia ilizuia mamia ya malori yenye magogo ya mti huo, mengi yakiwa ya Watanzania, yakitoka Kongo kupitia nchi yao. Mpaka ngazi ya marais ilibidi izungumze.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa ngumu na ndipo nawaomba mnaotuma klipu muwe waangalifu. Gogo la Katanga likipita Zambia, likaingia Tunduma, likapandishwa meli Dar es Salaam, kule China linaweza kuandikwa la Kongo, la Zambia au la Tanzania kutegemea karatasi iliyoambatana nalo. Kwa hiyo sehemu ya ile tofauti kati ya vitabu inaweza kuwa mti wa jirani uliovalishwa jina letu. Na kinyume chake kinawezekana: mkurungu uliokatwa Sikonge, Kaliua au Katavi kuvalishwa karatasi ya Kongo, upite bandarini kama mzigo wa njiani. Njia ikiwa moja na watu wakiwa wale wale, karatasi hubadilishana mikono kirahisi. Usimwamini anayekuambia anajua kiasi kamili.

Kuna mabadiliko mawili ambayo wengi hawajayasikia. La kwanza, mwaka 2019 mkutano wa CITES uliofanyika Geneva uliuingiza mkurungu kwenye Kiambatisho cha Pili, na ulianza kutumika Novemba mwaka huo. Maana yake ni kwamba mkurungu hauvuki mpaka kihalali bila kibali cha CITES, na kila nchi mwanachama, anayeuza na anayenunua, anatakiwa kutoa taarifa ya kila mwaka. Yaani vitabu viwili sasa ni takwa la mkataba. Na taarifa hizo zinawekwa kwenye hifadhidata iliyo wazi kwa kila mtu, bila malipo. Kijana mwenye simu na bando anaweza kuuliza: Tanzania imesema imetoa kiasi gani, China imesema imepokea kiasi gani, mwaka gani. La pili, China ilirekebisha sheria yake ya misitu, na kuanzia Julai 2020 inakataza mtu kununua, kuchakata au kusafirisha mbao anazojua zimekatwa kinyume cha sheria. Utekelezaji ni jambo jingine, na hapo ndipo mnunuzi anapodaiwa: alijua kwa miaka mingi na alinunua. Lakini sheria ipo, na karatasi yetu ikiwa safi inatupa nguvu ya kudai.

*Yasiyoandikwa kabisa*

Kabla hatujajaza hasira zote kwenye gogo, tuangalie yale ambayo hayaandikwi hata upande mmoja.

Tumbaku kwanza. Kila kilo ya tumbaku ya mkoa huu inajulikana: AMCOS wanapima, daraja linaandikwa, mnunuzi anaandika, benki inaandika, mkopo wa pembejeo unakatwa kabla hujashika hela. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo hazimo kwenye karatasi ya mauzo. Nchi inayonunua tumbaku yetu imenunua na msitu wetu ndani yake, ila kwenye vitabu vyote viwili msitu ni sifuri. Tangu Urambo walipoanza kulima tumbaku baada ya mradi wa Waingereza wa karanga kufa, tumeuza misitu mingapi kwa njia hiyo? Mashamba ya miti ya kuni yamehimizwa, wengine wamepanda kweli, wengine wamepanda kwenye fomu. Mimi nalima ekari zangu za tumbaku kama wengi wenu, sijitoi.

Halafu asali. Ile sera ya 1998 ilikadiria nchi hii inaweza kutoa tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka, na kwamba kilichokuwa kinapatikana wakati huo kilikuwa chini ya asilimia 4 ya hapo. Uzalishaji umepanda tangu wakati huo. Chuo cha nyuki tunacho hapa hapa Tabora. Lakini angalieni asali inavyoondoka. Mnunuzi anakuja na ndoo na fedha taslimu, anapima kwa ndoo na si kwa kilo, hakuna risiti, anaondoka kwa basi au kwa fuso kupitia Singida kwenda Arusha na Namanga. Ikivuka Kenya inawekwa kwenye chupa nzuri yenye lebo. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulioanza 2005 uliondoa ushuru kati yetu, jambo jema, na mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha uasilia. Hiyo iliwekwa kumsaidia mama mfanyabiashara mdogo. Ila mzigo mkubwa nao unaweza kugawanywa ukapita ndoo kwa ndoo, na pale ambapo hakuna ushuru wa kutoza, hakuna anayekazana kuandika. Kwa hiyo kati ya Tanzania na Kenya huenda vitabu viwili vikakaribiana kuliko vya China, kwa sababu tu vyote vimekosa kurasa zile zile. Kulingana peke yake siyo ushahidi wa usafi. Mkaguzi yeyote atawaambia hivyo.

Mfugaji nyuki wa Ipole au Uyui anayeuza ndoo bila risiti anadhani amekwepa usumbufu. Amekwepa na mkopo, amekwepa na bei, kwa sababu hana karatasi ya kumwonyesha mnunuzi wa mwakani kwamba anazalisha nini.

*Kwa nini sasa*

Reli ya kisasa imeshafika Dodoma, treni zinatembea tangu 2024, na kipande cha Makutupora hadi Tabora kinajengwa. Siku itakapofika hapa, sisi ndio tutakuwa Rufiji ya 2003. Mzigo uliokuwa unachukua siku utachukua masaa. Nashangilia reli hiyo kama kila mtu wa Tabora, watoto wetu wataipanda. Lakini daraja la Rufiji lilifunguliwa kabla vijiji vya kusini havijajua vina miti mingapi, na ile mara kumi ikatokea ndani ya miaka miwili. Miaka miwili tu.

Wale wale wa kusini wamefanya kitu ambacho tunaweza kukiiga. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi ya ardhi ya kijiji, kuusimamia, kuuza mazao yake na kubaki na mapato. Vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa miongoni mwa vya kwanza, vilifuata njia hiyo kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo. Walihesabu miti kwanza. Wakapanga mingapi ivunwe kwa mwaka. Mwaka 2009 wakapata cheti cha kimataifa cha FSC, na mnunuzi akaja kijijini kulipa kwa ujazo, si kwa kukadiria kwa macho. Sisemi huko sasa ni peponi. Msitu wenye cheti bado una wezi. Ila mwizi akikata, kijiji kinajua ni mti gani haupo, kwa sababu ulishahesabiwa.

Huku kwetu ni vijiji vingapi vinavyoweza kusema msitu wao una mkurungu mingapi inayofaa kuvunwa? Nimeuliza watendaji wawili wa vijiji vya pembezoni. Mmoja alicheka. Mwingine aliniuliza kama nagombea.

*Tunachofanya kama tawi*

Kamati imekubaliana haya, na naomba yasomwe na viongozi wa ngazi zote za chini.

Sheria ya serikali za mitaa inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Wanachama wetu wahudhurie, na safari hii wasiridhike na "ushuru mbalimbali" kama mstari mmoja. Waulize kwa adabu, wakiwa na daftari: katika robo hii kamati ya uvunaji ya wilaya imeruhusu uvunaji gani kwenye eneo la kijiji chetu? Miti ya aina gani, ujazo gani? Mvunaji ni nani na leseni yake inaisha lini? Hati za kusafirishia, hizi TP, zimetolewa ngapi? Malipo yamepitia kontroo namba ipi, na kijiji kimepata nini? Mwenyekiti asipokuwa na majibu, aombwe ayalete mkutano ujao, na ombi hilo liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari ndio kitabu chetu cha kwanza.

Lori msilisimamishe. Narudia kwa herufi kubwa, *LORI MSILISIMAMISHE.* Hiyo si kazi ya chama, ni hatari, na ni kinyume cha sheria. Kazi ya mwananchi ni kuhesabu na kutoa taarifa kwa ofisi ya TFS na serikali ya kijiji. Lori limepita saa ngapi, kuelekea wapi, mangapi kwa wiki. Ukipeleka hesabu ya miezi mitatu, ofisa hawezi kukuambia umeota.

Vijana watatu wa tawi wenye elimu ya kidato cha sita nitakaa nao nyumbani kwangu, tufungue takwimu za biashara za Umoja wa Mataifa na zile za CITES. Bidhaa zina misimbo: magogo ni 4403, mbao zilizopasuliwa 4407, asali 0409, nta ya nyuki 152190. Tutatoa jedwali la Tanzania na China, na la Tanzania na Kenya, miaka kwa miaka, kitabu chetu upande mmoja na cha mwenzetu upande wa pili. Tutakachokiona tutakileta kwenye grupu kama kilivyo, hata kama hakitufurahishi, hata kama kinaonyesha pengo limepungua na klipu ile ilikuwa ya uongo.

Na la mwisho ni la ndani, nimeombwa na baadhi ya wazee nisiliandike. Baadhi yetu humu ndani ya chama tuna leseni za uvunaji, au malori, au ndugu wenye malori. Hakuna dhambi katika biashara halali. Lakini mwanachama anayegombea au kushika nafasi kwenye tawi hili aje mbele ya kamati aseme: nina leseni namba fulani, navuna eneo fulani. Hatuwezi kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kudai kitabu wakati cha kwetu tumekikalia. Najua wapo watakaosema katibu ametumwa. Anayetaka kujua nimetumwa na nani aulize kamati, muhtasari upo, umesainiwa.

Kikao cha wanachama ni Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya tawi. Kila anayetoka kijiji chenye msitu aje na mambo mawili: nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji, kama upo, na kama haupo, tarehe ambayo mkutano ulifanyika mara ya mwisho. Wafugaji nyuki waje na bei waliyouzia ndoo msimu uliopita na uzito wa ndoo hiyo kwa kilo. Mizani ipo kwangu, naileta.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*
Tabora